Mkono Usio Wake

Wimbo wa tano ulipofika kwenye kiitikio niliusimamisha, nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya blauzi. Miwani haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa naitafutia mikono yangu kazi, kwa sababu nilikuwa nimejua jambo ambalo mwanamke hapendi kulijua siku mbili kabla ya wazee wa mchumba wake kuja kuzungumza na wazee wake. Wimbo ule hakuuchanganya yeye.

Niwaeleze, maana najua wengine mtasema wivu umenipanda kichwani. Kazi yangu ni masta. Mwimbaji akishaimba, fundi mchanganyaji hukaa na zile sauti zote, gitaa, ngoma, mwimbaji na waitikiaji wake, akaipa kila moja mahali pake. Akimaliza, wimbo unakuja kwangu. Mimi ndiye mkono wa mwisho. Nasawazisha besi isimeze maneno, napunguza ukali unaochoma, nausikiliza wimbo kwenye spika kubwa, kwenye simu, na kwenye redio ya gari niliyoing'oa kwenye gari bovu la mjomba, kisha naupanga na wenzake kwenye albamu ili msikilizaji asiinuke kila mara kuongeza au kupunguza sauti. Baada yangu hakuna mtu. Kosa nikiliacha, linakwenda sokoni na jina la mwimbaji. Ndiyo maana wateja wananiita Sikio, na wapo wanaonipigia simu wakinong'ona, wakidhani sauti ya kawaida itaniumiza.

Sasa ukisikiliza kazi ya fundi mmoja kwa miaka mitatu, unaijua kama unavyojua hatua za baba yako kwenye korido. Na fundi huyu, mchumba wangu, nilimjua kuliko wote. Watu walimwita Taratibu kwa ajili ya kuongea kwake. Ukimuuliza saa, unaweza kukosa basi. Kwenye kazi alikuwa na tabia moja: kabla mwimbaji hajaingia, alishusha gitaa kidogo sana, kama mtu anayesogea mlangoni ampishe mgeni. Alilishusha kwa kidole, kwenye kitufe cha kuteleza, siyo kwa kuchora kwenye kompyuta, kwa hiyo halikushuka sawa hata mara mbili. Na aliniachia nafasi. Nyimbo zake zilikuja na upenyo kwa juu, nipate pa kufanyia kazi.

Huu ulikuwa umejaa hadi darini. Gitaa lilishuka pale pale, kiasi kile kile, mara nne, kama limepimwa kwa rula. Aliyefanya hivyo alijua kwamba Taratibu hushusha gitaa. Alikuwa amemwona akifanya, tena kwa karibu, karibu kiasi cha kuona kidole chake.

Nikafungua nyimbo zote kumi na mbili za albamu ile. Nne za kwanza, zake. Nane zilizofuata, za yule mtu mwingine. Nikatazama tarehe za mafaili, zile nane zilianza lini. Miezi mitatu.

Taratibu nilimpenda kabla sijamwona. Wimbo wa kwanza alionitumia ulikuja na maelezo mafupi: "Herufi s ya neno siku, ubeti wa pili, inauma. Nimejaribu kila njia, nimeshindwa. Nisamehe." Mafundi wengine niliofanya nao kazi huficha makosa yao kwenye kelele wakitumaini sitayaona. Huyu alikuja na kosa lake mkononi. Niliitibu ile s nusu siku nzima, kisha nikamwandikia, "Imepona. Una nyingine?" Alikuwa nazo nyingi, au alizitafuta. Miezi sita tuliandikiana kuhusu herufi, mpaka siku aliyokuja mwenyewe kwa miguu yake, akasimama mlangoni, akachukua muda wake wote kusema, "Leo hakuna kosa. Nimekuja tu."

Baba hakumtaka. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu, na hadi leo akiulizwa nafanya nini hujibu, "Yule yuko kwenye kompyuta." Muziki kwake ni kimbilio la waliofeli. "Mwanamume anayebonyeza vitufe," alimwambia mama, nami niko jikoni nasikia, "atamlisha nini mwanangu? Kiitikio?" Mwaka mzima hakupokea hata salamu zake. Halafu miezi mitatu iliyopita, ghafla bin vuu, akalainika. Akasema wazee wa kijana waje. Mimi kwa furaha sikuuliza kitu. Nilidhani mama amemlilia.

Miezi mitatu ile ile. Na tangu hapo Taratibu akabadilika. Asubuhi hapokei simu. Akipokea anasema yuko studio, nami nyuma ya sauti yake nasikia chumba kikubwa chenye paa la bati, maneno yanaruka juu na kurudi. Studio haina mwangwi. Tumebandika sponji ukuta mzima ili usiwepo. Akija kwangu amevaa mikono mirefu, jua hili, na kabla hajanisalimia anapitia bombani nje kunawa. Nilikuwa nimeyaona yote hayo, nikayafunika mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kuolewa na yule mwanamume na nilimtaka kwa moyo wangu wote.

Simu ikaita. Alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyejipa cheo cha msimamizi wa mambo ya Jumamosi bila kuombwa.

"Mwanangu, vitambaa vya meza tuweke vyeupe au vya bluu?"

"Vyovyote, shangazi."

"Vyovyote ni jibu la mgonjwa. Una nini?"

"Kazi tu."

"Kazi haimfanyi mtu aongelee puani. Umelia."

Masikio haya sikuyaokota, yako kwenye ukoo. Nikaona afadhali niulize.

"Shangazi, mwanamume akianza kunawa mikono kabla ya kukusalimia, maana yake nini?"

Alinyamaza kwanza. Shangazi ameolewa mara mbili, na mume wa kwanza ndiye aliyemfundisha kunyamaza.

"Maana yake ameshika kitu ambacho hataki ukijue," alisema. "Yeye mwenyewe anasema yuko wapi?"

"Studio."

"Na wewe unaamini?"

"Nataka kuamini."

"Basi huamini. Sikiliza, mwanangu. Chunguza leo. Jumamosi wazee wakishakaa na kukubaliana, hata ukiona moshi utaambiwa ni ukungu. Na mimi nitaweka vyeupe."

Akakata. Nikabaki nimeshika simu, na kwenye simu hiyo ulikuwepo ujumbe wa sauti ambao Taratibu alinitumia asubuhi. Sekunde kumi na mbili. "Mpenzi, niko studio, nimebanwa na ile albamu. Saa tisa nitakuja tuisikilize pamoja." Nilikuwa nimeusikiliza mara moja na kutabasamu. Sasa niliusikiliza tena na nikasikia kwamba kabla hajamaliza, mbali nyuma yake, kuna mtu anaongea.

Najua siyo ustaarabu. Vyombo vile nilivinunua kwa ajili ya muziki, siyo kwa kumpeleleza mchumba. Lakini mkono ulikuwa umeshaanza. Niliuingiza ule ujumbe kwenye mashine, nikaipunguza sauti yake mpaka akawa kama anaongelea ndani ya mto, nikaibana ile iliyobaki ili vidogo viinuke vilingane na vikubwa, nikaongeza besi kidogo kuipa uzito. Polepole akatokea mwanamke. Sauti nzito ya mtu mzima, yenye kicheko ndani yake, sauti ya mtu aliyezoea kuhudumiwa.

"Nipe chumba kimoja, kile cha juu, kama cha jana."

Niliurudia mara tisa. Mara ya kumi sikuhitaji kuucheza, ulikuwa unajicheza wenyewe kichwani. Chumba kimoja. Cha juu. Kama cha jana. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikutegemea kwamba ingeishia ghorofani.

Saa tisa kasoro dakika mbili nikasikia bomba la nje likifunguliwa. Maji yakatiririka muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono ya mtu anayebonyeza vitufe. Kisha akabisha hodi.

"Karibu," nilisema.

Aliingia, mikono mirefu hadi kwenye viganja, uso umechoka, na tabasamu lile ambalo kwa miaka miwili lilinitosha kuwa chakula cha mchana. Akainama kunibusu. Nikageuza shavu.

"Mbona umenipa sauti ya mteja?" aliuliza.

"Kaa hapo."

Akakaa kwenye kochi nyuma ya kiti changu. Nikaucheza wimbo wa tano mpaka mwisho bila kusema neno, nikimtazama kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Hakutikisa kichwa hata mara moja. Fundi anayesikiliza kazi yake mwenyewe hawezi kutulia hivyo. Kuna mahali atakunja uso, kuna mahali atajisifu kimoyomoyo.

"Unauonaje?"

"Mzuri."

"Nani kaufanya?"

"Swali gani hilo? Si nimekuletea mimi?"

"Nimeuliza nani kaufanya. Sijauliza nani kauleta."

"Sikio, nimechoka. Tangu alfajiri nimesimama."

"Studio unafanya kazi umesimama siku hizi?"

Akafumba macho. Nikageuza kiti tukatazamana.

"Kabla ya kiitikio, gitaa umelishusha kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama kawaida."

"Wewe huna kawaida. Hujawahi kushusha gitaa sawa mara mbili tangu nikujue. Humu limeshuka mara nne na zote ni pacha. Niambie nani amekaa kwenye kiti chako, maana nikimjua kwa njia nyingine itakuwa vibaya zaidi."

Alichukua muda. Kwa mara ya kwanza ule utaratibu wake ulinichefua.

"Chiriku," alisema.

Chiriku ni yule dada wa mapokezi studio kwake, anayepokea simu kwa kicheko hata ukimpigia kumweleza habari ya msiba. Nilihisi damu inanipanda masikioni.

"Chiriku anachanganya nyimbo?"

"Alikuwa anakaa pembeni yangu jioni anajifunza, mwaka wa pili huu. Ana kipaji. Nyimbo nane zote ni zake."

"Na wewe, wakati Chiriku anachanganya, unakuwa wapi?"

Alivuta mikono ya shati ikafunika vidole.

"Unakuwa wapi, Taratibu?"

"Nilitaka nikuambie baada ya Jumamosi."

"Kila mwongo ana Jumamosi yake." Nikageukia mashine. "Ngoja nikusaidie."

Nikaucheza. Yule mwanamke akajaa chumba kizima, kulia na kushoto, kwenye spika zangu kubwa, akaomba chumba chake kimoja cha juu. Taratibu alikunja uso, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya watu. Nikarudia. Safari hii macho yakamtoka, akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Cheka," nilimwambia. "Cheka tu. Nami nimeshawaalika watu. Na hicho chumba kina dirisha, au mnajifungia tu?"

"Siyo chumba."

"Masikio haya ndiyo yanayonilisha. Nimesikia chumba."

"Hiyo sauti umeifanya nini?"

"Nimeinyanyua."

"Umeibana?"

"Nimeibana."

"Na besi?"

"Nimeongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Neno langu mwenyewe, kanirudishia. Nikamtazama kwa hasira, lakini mimi ni fundi, na swali la kifundi huwa siliachi.

"Icheze kama ilivyokuja," alisema. "Bila mkono wako."

Nilizima kila kitu nilichoongeza. Yule mwanamke akarudi mbali, mwembamba, chini ya paa la bati. Niliweka hedfoni, nikaziba kwa viganja viwili. Nyuma yake kulikuwa na kishindo, kitu kizito kimeangushwa sakafuni katikati kabisa ya neno. Kile kishindo mashine yangu ilikichukua, ikakibana, ikakipachika kwenye midomo ya mwanamke wa watu, kikawa b. Herufi ile nimeitia mimi. Mke wa seremala, asiye na mashine kama zangu, asingeweza kufanya kosa hili hata angejaribu.

"Nipe chuma kimoja, kile cha juu, kama cha jana."

Nikavua hedfoni. Nusu yangu ilitaka kucheka mpaka ianguke chini. Nusu nyingine ikauliza kabla sijaizuia.

"Chuma cha nini?"

Taratibu alikunja mikono ya shati, pole pole, kwanza wa kulia kisha wa kushoto. Mikwaruzo ilianzia kwenye viganja hadi karibu na viwiko, mipya juu ya ya zamani, na kwenye mistari ya vidole vyake, vile vidole, kutu ilikuwa imekaa na kukataa maji.

"Nauza nondo," alisema. "Na mabati, na misumari. Niko stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yule mama anajenga ukuta, anakuja kuchukua chuma kimoja kila siku kwa sababu akichukua vingi anasema majirani watamwibia. Ana mume, ana wajukuu, na mdomo wake usiombe."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako aliponiita."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri. Yaani mwili wenyewe ulikaa, kama mtu anayeambiwa kuna habari mbaya, tafuta kiti.

"Alikuita wapi?"

"Nyumbani kwenu. Ulikuwa umekwenda kupeleka ile albamu ya kwaya. Alinikaribisha vizuri. Akasema, 'Kijana, sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na kazi yako. Acha muziki. Rafiki yangu ana duka, atakuchukua kesho. Ukituliza akili kule, waambie wazee wako waje. Na hili libaki baina yetu wanaume.'"

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Ni 'ndiyo' pekee niliyowahi kuisema haraka maishani mwangu."

Nisiwadanganye, neno hilo lilinipata. Mwanamume anayefikiria dakika tatu kabla ya kuchagua soksi alinichagua mimi bila kumeza mate. Ningeweza kumsamehe pale pale, nikashika ile mikono yenye kutu, tukalia, mambo yakaisha. Lakini shaka ikishaingia ndani ya nyumba haitoki kwa mlango ule ule. Kulikuwa na kitu bado hajakisema, na nilikisikia kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Endelea," nilisema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Umevuta pumzi ya mtu anayetaka kusema, ukaimeza. Baba alisema nini juu yangu?"

"Sikio."

"Juu yangu, Taratibu."

Alitazama vidole vyake.

"Alisema wewe ukishaolewa utaacha. Utatulia nyumbani. Kwamba mwanamke kukaa peke yake kwenye chumba cha sponji na waimbaji wanaingia na kutoka siyo kazi, ni kipindi, na kipindi kinapita."

"Na hilo ulilijibu nini?"

Mara hii sikumpa muda.

"Ulilijibu nini?"

"Nilinyamaza."

Nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na moja. Nimeanza na spika za kuazima kwenye chumba ambacho jirani alikuwa akisaga mahindi upande wa pili wa ukuta. Nimesikiliza wimbo mmoja mara mia mbili kutafuta kelele moja ndogo ambayo mwimbaji mwenyewe hakuisikia, nikaipata. Na watu wawili ninaowapenda kuliko wote walikaa sebuleni kwetu, mmoja akasema nitaacha, mwingine akanyamaza.

"Afadhali ingekuwa chumba," nilisema.

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Ingekuwa chumba ningelia, ningekutukana, ningempigia shangazi simu, ningepona. Wewe umechukua vidole vyako ukampa baba yangu. Sawa, ni vyako. Halafu alipoomba na masikio yangu, ukanyamaza, na mnyamavu kakubali."

"Nilidhani tukishaoana tutamgeuza polepole."

"Baba yangu hageuzwi polepole. Baba yangu alimaliza wanafunzi miaka thelathini kwa kuwatazama tu."

Midomo yake ilitaka kutabasamu, ikaogopa.

"Ungekuja," niliendelea, na machozi sasa nilikuwa nimeyaachia, sikuwa na haja ya kuyaficha. "Ungesimama pale mlangoni ukasema, 'Baba yako kaniomba hiki, nimeshindwa kukataa, nisamehe.' Mimi nilimpenda mtu anayesema nimeshindwa. Huyu anayenawa mikono simjui."

"Nimeshindwa," alisema.

"Umechelewa."

"Najua. Nasema hivyo hivyo. Nimeshindwa kumkatalia baba yako. Nimeshindwa kukuambia. Kila asubuhi nikinyanyua nondo nasikia inavyolia, naanza kuwaza ingekaaje kwenye wimbo, halafu namkumbuka baba yako naacha kuwaza. Chiriku anafanya kazi, jina linakwenda langu, hilo nalo nimeshindwa kulisema. Na nilipomsikia akisema utaacha nilimchukia, Sikio, nilimchukia kabisa, lakini nilifikiri nikifungua mdomo nitakukosa."

Nilimtazama. Nilitaka kumwamini kwa nguvu kiasi kwamba sikujiamini mimi mwenyewe. Dakika kumi zilizopita nilikuwa nimeapa kwamba nimesikia chumba.

"Jina la Chiriku litaingia kwenye zile nyimbo nane," nilisema. "Leo. Nitaliandika mimi."

"Sawa."

"Na utampigia baba."

"Jumamosi nitamwambia ana kwa ana."

"Jumamosi yako imeshatugharimu ya kutosha. Sasa. Na uweke sauti nje nisikie."

Sikutegemea angeitoa simu. Nilidhani atainuka, atasema nimpe muda, atakwenda zake kwa hatua zake zile, nami nitajua. Lakini aliitoa. Akakosea namba mara ya kwanza, akarudia. Simu ikaita, ikaita, baba akapokea, na nyuma ya sauti yake nikasikia sebule yetu, saa ya ukutani na redio inapunguzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Mbona mapema, umeshatoka dukani?"

"Nimetoka, mzee. Sirudi tena."

Nikasikia redio ikizimwa kabisa.

"Hurudi kwa maana gani?"

"Narudi kwenye muziki. Ndiyo kazi yangu. Na binti yako ana kazi yake, hataiacha, na mimi sitamwomba aiache. Siku ile nilipaswa kukujibu hivyo. Nilinyamaza. Nisamehe kwa kunyamaza, kwa hili ninalosema leo siombi msamaha."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kupumzika.

"Tulikubaliana," baba alisema. "Mimi na wewe. Kama wanaume."

"Tulikubaliana juu ya mtu ambaye hakuwepo."

"Yupo hapo sasa?"

"Yupo."

"Anasikia?"

"Anasikia, mzee. Ndiyo kazi yake."

Baba alivuta pumzi ndefu puani. Naijua. Ilikuwa ikitangulia viboko.

"Basi na asikie na hili. Jumamosi msije."

Taratibu aliishusha simu, akaiweka mezani kati yetu. Hakunilaumu, hakuniambia umeona. Alikaa tu na ile mikono yake mapajani. Nikawaza jinsi ilivyokuwa rahisi kwa watu hawa wawili kupanga maisha yangu, kuyafunga na kuyafungua, na mimi kila mara niko mahali pengine natafuta makosa ya watu wengine. Nikaichukua simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimesikia. Wasije, haina neno."

"Vizuri," alisema, kwa tahadhari.

"Nitakwenda mimi kwao. Jumamosi hiyo hiyo, nikazungumze na wazee wake mwenyewe. Nitawaambia nafanya kazi gani, na kwamba naendelea nayo, na kwamba namtaka mtoto wao. Ukitaka kunisindikiza, saa nne nitakuwa nimeshavaa."

Taratibu aliinua kichwa akanitazama kama hanijui. Baba hakukata simu. Nilimsikia anainuka kwenye kiti chake, nikasikia kandambili zake zinakwenda hadi dirishani na kurudi, na mama kwa mbali akiuliza ni nani huyo, asijibiwe.

"Saa nne ya asubuhi?" aliuliza hatimaye.

Sauti yake ilikuwa kavu, haikupanda wala kushuka. Nilikaza masikio yangu yote, haya yanayonilisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuweza kusikia kama mtu anauliza ili anisindikize au ili aniwahi kunizuia.

"Ya asubuhi, baba," nilimjibu.